Kutoka Cibitoke hadi Chemchemi ya Nile: Siku Mbili Barabarani Pamoja na Wakwe

Wazee wetu walinena kwamba mtu hajulikani mpaka umesafiri naye. Kauli hiyo huwa nzito zaidi pale wasafiri wenyewe wanapokuwa ni mtu na wakwe zake. Nyumbani, mkwe huonekana kwa saa chache tu. Amevaa nguo safi, amekaa kwa adabu, amepokea kinywaji kwa mikono miwili, kisha ameaga na kwenda zake. Lakini ndani ya gari, kwa siku mbili mfululizo, hakuna pa kujificha. Njaa itaonekana, hasira itaonekana, ubahili utaonekana, na upendo nao, kama upo, hautakosa kuonekana.

Kwa sababu hiyo, safari ya familia moja ya mtaa wa Cibitoke, mjini Bujumbura, iliyofanyika mwezi Agosti mwaka 2023, yafaa isimuliwe katika ukurasa huu wa nyumba na jamaa. Haikuwa safari ya matajiri. Mwenye nyumba ni askari polisi, mkewe ni muuguzi, nao wana watoto watatu. Gari lilikuwa Hiace ya kaka wa mke. Mafuta yalikusanywa kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, maana wakati huo uhaba wa mafuta ulikuwa umeikamata nchi nzima na foleni za vituoni zilikuwa ndefu. Hata hivyo, familia hiyo ilirudi na kitu ambacho fedha haikinunui.

MITAA MIWILI JIRANI

Ili msomaji aelewe uzito wa safari hiyo, hana budi kwanza kuyajua mazingira yake. Cibitoke inayozungumzwa hapa ni ule mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, wala si eneo la Cibitoke lililoko kaskazini-magharibi ya nchi. Jirani yake kuna Kamenge, Kinama na Ngagara. Kabla ya vita iliyoanza mwaka 1993, watu wa mitaa hiyo walichanganyika, wakaoana, wakacheza mpira pamoja na kuzikana. Vita ikaitenga. Mtu wa Kamenge hakuthubutu kukanyaga Cibitoke, na mtu wa Cibitoke hakuthubutu kukanyaga Kamenge, ingawa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.

Baba mkwe wa askari huyo, mzee wa miaka sabini na mmoja, alikuwa mkazi wa Kamenge. Mwaka 1995 aliondoka na mkewe na watoto wake kwa miguu, wakiwa na godoro moja na sufuria mbili, akaenda kuanza maisha upya mjini Gitega kama dereva wa malori. Amani iliporejea alirudi Kamenge na kuijenga tena nyumba yake. Binti yake alipoposwa na kijana wa Cibitoke, tena polisi, mzee hakukataa. Mahari ilipokelewa, pombe ya ukwe ikanywewa, hotuba zikatolewa kama ilivyo desturi ya Warundi. Ila jambo moja halikubadilika kwa miaka tisa. Kila alipokwenda kuwaona wajukuu zake Cibitoke, mzee aliaga kabla jua halijatua. Hakuwahi kulala huko hata usiku mmoja. Mkwe wake hakuuliza, na yeye mwenyewe hakueleza.

Ni mama mkwe aliyetoa wazo la safari. Alisema kwamba amezeeka bila kukiona chanzo cha mto Nile ambacho wazungu huvuka bahari kuja kukitazama, ilhali kiko katika nchi yake mwenyewe. Wajukuu wakarukaruka kwa furaha, na maneno yakawa yamekwisha.

KUPANGA NI KUCHAGUA

Mume na mke walikaa chini siku kumi kabla ya safari wakaandika kila kitu katika daftari. Mume na shemeji yake wangegawana gharama ya mafuta. Mke angeshughulikia chakula cha njiani. Malazi ya Gitega yangekuwa kwa ndugu wa mama mkwe, na wageni wangekwenda na mchele, mafuta ya kupikia na sukari ili wasiwe mzigo kwa mwenyeji. Wazee wasingetozwa chochote. Jambo hilo la daftari, dogo kama linavyoonekana, liliwaepusha na ugomvi ambao huziharibu safari nyingi, yaani ule wa kutazamana machoni pale muuzaji anapotaka fedha yake.

Vyakula vilivyofungwa ni vya kawaida kabisa: ndagala waliokaangwa wakauka vizuri, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, mihogo, karanga na maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoozwa. Fauka ya hayo, mke alifunga sweta kwa kila mtu na mablanketi mawili. Shemeji alimcheka kwa kufunga sweta katika joto la Bujumbura. Lakini muuguzi huyo alijua alifanyalo. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa mita mia nane hivi kutoka usawa wa bahari. Barabara Kuu Nambari 1 hupanda kutoka hapo hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika umbali usiozidi kilomita arobaini. Kwa kuwa joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita elfu moja za kupanda, mtu huondoka kwenye jasho na kufika kwenye ukungu katika muda wa saa moja tu.

Siku ya Jumamosi hawakutoka alfajiri. Nchini Burundi, Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za maendeleo za pamoja, na magari hayaruhusiwi kuzungukazunguka ovyo mpaka kazi zimalizike. Mwenye nyumba, kwa kuwa ni askari, aliona ni aibu kuzikwepa. Alishika jembe pamoja na majirani zake kusafisha mitaro ya mtaa, na saa tano hivi za asubuhi gari likaondoka Cibitoke, likapita Kamenge kuwachukua wazee, kisha likaanza kupanda mlima.

KONA YA MLIMANI

Aliyewahi kupita barabara hiyo hawezi kuisahau. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni bonde, na nyuma yako, kila unapogeuka, ziwa linazidi kuwa chini na milima ya Kongo inazidi kujitokeza ng'ambo. Waendesha baiskeli hushuka kwa kasi ya kutisha wakiwa na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, na wengine hupanda wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Watoto wawili walianza kutapika kwa sababu ya kona. Mama yao akawahamishia kiti cha mbele, akawaambia watazame mbali barabarani badala ya kutazama chini, akawapa kipande cha tangawizi watafune. Baada ya muda wakatulia.

Walipokuwa bado hawajafika Bugarama, mzee, ambaye muda wote alikuwa kimya, alimgusa mwanawe begani akamwambia asimamishe gari mahali palipokuwa na nafasi. Akashuka polepole, akasimama kando ya barabara akitazama bondeni. Wengine walidhani anajisaidia. Lakini aliendelea kusimama. Mkwe wake akashuka, akasimama hatua mbili nyuma yake, kama adabu inavyotaka.

Katika miaka ya vita, malori na mabasi yalipita mlima huo kwa misafara iliyolindwa na askari, maana waviziaji walijificha mabondeni. Mzee alieleza kwamba mwaka 1998 alikuwa akishuka na lori la maharage katika msafara wa namna hiyo, na katika kona ile risasi zikamiminika. Utingo wake, kijana wa miaka ishirini, alipigwa akaanguka barabarani. Madereva waliongeza mwendo kuokoa roho zao. Mmoja wa askari wa msafara alishuka, akambeba yule kijana mgongoni, akakimbia naye chini ya risasi mpaka akamtia katika lori la nyuma. Kijana hakupona. Askari yule mzee hakumwona tena, wala hakupata kulijua jina lake.

"Mwanangu," mzee akamwambia mkwe wake, "waliotutoa Kamenge walivaa sare. Na yule aliyembeba kijana wangu alivaa sare. Ulipokuja kumposa binti yangu, niliwakumbuka wote. Nikasema moyoni, sijui huyu ni yupi. Nimekaa miaka tisa ninatazama."

Mkwe hakuwa na jibu tayari. Mwaka 1995 yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, naye alikumbuka jirani zao wa Cibitoke waliouawa na wengine ambao hawakurudi. Alisema tu, "Pole, baba. Ahsante kwa kunieleza." Mzee akaitikia kwa kichwa. Wakarudi garini. Shemeji aliwasha gari bila kuuliza, na kwa kilomita kadhaa hakuna aliyesema neno, mpaka mtoto mdogo alipolalamika kwamba anasikia baridi. Sweta zikatolewa, na shemeji akawa wa kwanza kuomba yake. Wote wakacheka.

NGOMA ZA GISHORA

Bugarama ni soko la mboga. Karoti, kabichi, viazi mviringo na vitunguu hupangwa kando ya barabara, na wasafiri husimama kununua. Hapo ndipo njia hugawanyika: Barabara Nambari 1 huendelea kaskazini kwenda Kayanza na mpaka wa Rwanda, nayo Nambari 2 huenda mashariki kupitia Muramvya hadi Gitega, ambayo ni kama kilomita mia moja kutoka Bujumbura. Gitega ulianzishwa kuwa makao ya utawala wa Wajerumani mwaka 1912, na tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, huku Bujumbura ikibaki kuwa mji wa biashara.

Familia ilifika alasiri, ikapita moja kwa moja hadi Gishora, kilomita chache kaskazini mwa mji. Hapa ni mahali patakatifu pa ngoma, panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Katika lugha ya Kirundi, neno "ingoma" lina maana mbili: chombo kinachopigwa, na ufalme wenyewe. Ngoma huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Inayokaa katikati huitwa Inkiranya, nayo ndiyo huongoza. Zile ziitwazo Amashakwe hushika mdundo usiobadilika, na Ibishikizo huifuata Inkiranya. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Wapiga ngoma walipoingia wakiwa na ngoma vichwani huku wakiendelea kuzipiga, mama mkwe alisimama akaanza kupiga makofi. Mjukuu wa kike mwenye miaka sita aliuliza kama naye anaweza kupiga. Akaelezwa kwamba upigaji ni wa wanaume, na kwamba amri ya serikali ya mwaka 2017 imelisisitiza hilo, ila wanawake wanazo ngoma zao za kucheza. Mtoto hakuridhika hata kidogo. Usiku ule alipiga sufuria ya mwenyeji wake mpaka akanyang'anywa kijiko.

MAJI MADOGO YENYE SAFARI NDEFU

Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi, gari lilielekea kusini mpaka Rutovu. Juu ya kilima cha Kikizi, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,100, imesimama piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 na Mjerumani Burkhart Waldecker, kuonyesha kwamba hapo ndipo penye chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Chini yake maji hutoka ardhini taratibu. Huo ndio mwanzo wa kijito cha Kasumo. Maji hayo hupita vijito vingine mpaka mto Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, yakaingia Ziwa Victoria, na kutoka huko yakaendelea kupitia Uganda, Sudan Kusini na Sudan hadi Misri na bahari ya Mediterania. Safari yote ni zaidi ya kilomita 6,600. Rwanda nayo ina chanzo chake katika msitu wa Nyungwe, ambacho wachunguzi waliokifikia mwaka 2006 walisema ndicho kilicho mbali zaidi na mlango wa mto. Sifa ya kuwa kusini zaidi imebaki kuwa ya Burundi.

Ajabu ya nchi hiyo ni kwamba mvua moja hugawanyika. Tone linaloanguka mashariki ya safu ile ya milima huenda Misri, na lile linaloanguka magharibi, pengine hatua chache tu kutoka hapo, hushuka hadi Ziwa Tanganyika, likaingia mto Kongo na kumalizikia bahari ya Atlantiki.

Mama mkwe aliyatazama maji yale kwa muda mrefu, akakinga kiganja, akanawa uso. "Maji haya yasiyotosha hata kufulia nguo za watu kumi!" akasema. "Na huko chini mataifa yanayagombania?" Mkwe wake akamweleza kwamba mataifa yanayagombania kweli, na kwamba Burundi iliutia sahihi mkataba wa nchi za bonde la Nile mwaka 2011. "Basi wayagawane," mama akajibu, "kama ndugu wanavyogawana chungu." Kisha akaomba chupa tupu, akaijaza ampelekee jirani yake wa Kamenge, ambaye kwa vyovyote asingeamini.

HARUFU YA BREKI

Njia ya kurudi ilipitia Matana na Ijenda, kisha ikaanza kuteremka kwenda Bujumbura. Jua lilikuwa limeinama, na shemeji alitaka kufika mapema. Aliliachia gari gia kubwa, na katika kila kona akakanyaga breki. Baada ya muda harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mkwe aliisikia, lakini gari halikuwa lake, na kumkosoa kaka wa mke mbele ya baba yake ni jambo zito. Akasita. Mkewe alimtazama. Alipotaka kufungua kinywa, mzee akatangulia.

"Simama," akasema. "Simama sasa, wakati bado unaweza."

Gari lilisimama kando huku moshi mwembamba ukitoka kwenye magurudumu. Mzee akashuka na kumfundisha mwanawe kwa upole yale aliyoyajifunza kwa miaka thelathini ya malori. Mteremko mrefu hushukwa kwa gia ndogo, ili injini yenyewe ilizuie gari. Breki hukanyagwa kwa nguvu kidogo kisha huachiwa ipoe, wala haishikiliwi mfululizo. Breki ikipata joto kupita kiasi, mafuta yake huchemka na kufanya mapovu, na hapo mguu huzama mpaka chini bila gari kusimama. Asiimwagie maji, kwa kuwa chuma chenye moto kikimwagiwa maji huweza kupasuka. Dawa yake ni subira.

Wakasubiri karibu saa nzima. Mablanketi yalitandikwa majanini, ndagala waliobaki wakaliwa, na mzee akasimulia habari za barabara za zamani mpaka watoto wakasahau kuuliza wamebakiza kilomita ngapi. Mkwe aliketi karibu yake. Mzee akamega yai, akampa nusu. Kwa miaka tisa walikuwa wamekula katika karamu moja mara nyingi, lakini hawakuwahi kula kutoka mkono mmoja.

Waliposhuka, taa za Bujumbura zilikuwa zimewaka. Walifika Cibitoke saa mbili za usiku. Shemeji aliliacha gari likiunguruma, akisubiri kuwapeleka wazee wake Kamenge kama kawaida. Mzee alishuka, akanyoosha mgongo, akatazama mtaa. "Zima gari," akasema. "Tumechoka. Tutalala hapa." Mama watoto aliingia ndani haraka kwenda kutandika kitanda, ili watu wasiyaone machozi yake.

MAFUNZO KWA FAMILIA

Ndugu msomaji, si kila familia ina gari la shemeji, wala si kila mtu anayeweza kufika Rutovu. Wenye uwezo mdogo wanaweza kwenda Mugere, kilomita zipatazo kumi kusini mwa Bujumbura, kuliona jiwe lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hudhani hapo ndipo walipokutana. Hasha, walikutana Ujiji. Mugere walipita na kulala walipokuwa wakichunguza kaskazini ya ziwa. Nauli ya kufika huko ni ndogo, na watoto watapata somo la historia.

Kubwa ni kuzingatia mambo machache. Kwanza, gharama zipangwe na kuandikwa kabla ya kuondoka, wala isiwe siri kati ya mume na mke. Pili, breki, magurudumu na maji ya injini vikaguliwe siku ya jana yake, na anayejua hatari aseme, hata kama gari si lake, kwa sababu heshima isiyookoa roho haina faida. Tatu, wazee wapewe nafasi ya kusimama wanapotaka kusimama, na wasiharakishwe. Barabara zetu zina kumbukumbu, na aliyezipita wakati wa shida huzisoma tofauti na mtoto aliyezaliwa wakati wa amani.

Mwisho, neno kwa askari na polisi. Sare huonekana na watu wengi kabla ya uso wa mwenye kuivaa, na kila raia huikumbuka kwa lile alilotendewa nayo, jema au baya. Mkwe yule wa Cibitoke hakuyafanya mabaya ya mwaka 1995, wala hakuufanya wema wa mwaka 1998, lakini vyote viwili vilimsubiri mlangoni alipokwenda kuposa. Hakushinda kwa hotuba. Alishinda kwa kushika jembe na majirani, kusimama hatua mbili nyuma, kusikiliza bila kujitetea, na kusema pole. Hayo hayahitaji cheo wala mshahara mkubwa, na kila mwenye familia anaweza kuyaanza mwisho wa juma hili.